Nimemjengea mama dungu

Sebuleni kwa mama kulikuwa na mstari ukutani. Wa kahawia, umenyooka kama umepigwa na pima maji, sentimita 62 kutoka sakafuni, nimeupima mwenyewe na tepu. Uliachwa na masika ya 2024, ule mwaka wa Elnino.

Mama anakaa Tanga, upande wa Amboni, bondeni kidogo, na miaka yote maji yalikuwa yanapita pembeni ya nyumba yanaelekea mtoni, unalala unayasikia tu. Kilichobadilika ni jirani wa kushoto, alishusha kifusi tripu sijui ngapi akanyanyua kiwanja chake kizima halafu akazungushia ukuta, maji yakakosa njia yakaja sebuleni kwetu. Simlaumu sana maana hata fundi wa kwanza niliyemuita alinambia hivyohivyo, bosi tunajaza, tunashindilia, tunapandisha msingi, kwisha. Nikamuuliza sasa maji yataenda wapi? Akacheka, akasema si yatajua yenyewe. Kulia kwetu anakaa mama mdogo.

Ndo nikaamua nguzo. Nyumba inakaa juu, chini kunabaki wazi, maji yapite zake kama zamani. Mzee mmoja wa pale mtaani kila akipita saiti anaifananisha na dungu, kile kichanja cha juu ya miti cha kulindia shamba, anasimama, "mwanangu hilo dungu unalinda nguruwe au ngedere?"

Urefu sikuubuni. Sakafu ya zamani ilikuwa sentimita 30 juu ya ardhi, kwa hiyo maji ya siku ile yalikuwa kama 92 hivi, nikaongeza 60 za wasiwasi wangu, ikaja mita moja na nusu na ushee. Na hiyo ni mpaka tumbo la bimu, yaani chini ya ule mhimili wa zege unaobeba sakafu, siyo mpaka sakafuni, wengi wanakosea hapo, maji ya mafuriko hayaji peke yake, yanakuja na magogo na migomba mizima, gogo likigonga bimu utalisikia mpaka chumbani.

Kazi kubwa iko chini ya ardhi lakini. Watu wanakutajia Ganvié kule Benin, kijiji kizima kimesimama juu ya nguzo ziwani, sawa, ila maji ya ziwa yametulia bwana, ya kwetu yanakimbia na yanachimba, besi, kile kitako cha zege cha nguzo, ikiwa juujuu yanaichimbua yanaondoka nayo. Tulishuka mpaka tukakuta udongo mgumu, vibarua wakanuna, tukamwaga besi pana, nguzo nondo za milimita 12 na ringi kila sentimita 20, halafu zote tukazifunga kwa bimu ya chini zisiwe kila moja na lwake.

Tuligombana na fundi siku moja tu, ya mchanga. Alitaka wa pwani, eti msafi na uko karibu. Chumvi ile inakula nondo ndani kwa ndani, baada ya miaka nguzo inapasuka inatema vipande, na nguzo ndo nyumba yenyewe hapa. Tukasubiri wa mtoni siku tatu. Na zile biskuti za zege za kutenganisha nondo na mbao nilikaa nikazihesabu moja moja, fundi akaniona mchawi.

Rafiki yangu wa Lushoto nae anataka kujenga mlimani nikamwambia ni hesabu hiyohiyo, usikate kilima upate uwanja, acha mteremko ulivyo, nguzo za upande wa bonde ziwe ndefu za juu ziwe fupi, ukikata kilima ipo siku kitakufuata.

Kilichonishinda ni ngazi. Mama magoti yanamsumbua, "mwanangu umeniokoa na maji ukanitia kwenye minara". Tumeweka mteremko mrefu wa kuzunguka na vyuma vya kushika, umekula hela kuliko paa, halafu bado ananung'unika. Alitaka pia chini tuzibe matofali apate stoo, nikakataa kabisa, ukiziba umerudi kulekule kwa jirani. Tukakubaliana kamba za kuanikia na kuni tu.

Masika hii maji yakaja tena. Saa kumi na moja alfajiri simu inaita, moyo ukanipasuka. Mama. Anauliza mabata ya mama mdogo yanaogelea chini ya kitanda chake yanapiga kelele, ayafanyeje.