Kisima Kilichosifiwa kwa Utamu

Mji wa kale wa Lamu hunywa mvua inayopenya kwenye matuta ya mchanga ya Shela. Maji baridi, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari, huelea chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi, na kila mita 1 inayosimama juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 chini yake. Ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Ndiyo sababu wengi wetu tuliofanya kazi ya kupima maji kisiwani tulizoea kuihofia chumvi kuliko kitu kingine.

Masika yale bomba lilikauka, watu wakarejea kwenye visima vya majumbani. Bibi mmoja alikuwa akiwagawia majirani maji ya kisima cha uani kwake bila malipo, na mtaa mzima uliyasifia kwa utamu, ilhali kisima cha nyumba ya upande wa ufukweni kilikuwa na chumvi kiasi cha sabuni kutotoa povu. Nilichukua sampuli kwenye visima vyote viwili. Chupa iliyotakaswa kwa joto niliifunga jiwe na kamba, nikaiteremsha taratibu isiguse kuta za kisima, ikazama na kujaa, kisha nikaiweka kwenye kasha lenye barafu.

Nilichuja mililita 100 za kila sampuli, nikaziacha karatasi za kuchujia katika joto la nyuzi 44 usiku kucha. Asubuhi, karatasi ya kisima cha chumvi haikuwa na kitu. Ile ya kisima kitamu ilijaa madoa ya manjano, kila doa likiwa ni kundi la bakteria watokao kwenye kinyesi, ambao katika maji ya kunywa hatutaki kumwona hata mmoja.

Nilimpelekea Bibi karatasi yenyewe ndani ya kisahani chake, kwa sababu niliona ni haki yake kuona kwa macho.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona haya maji ni matamu?”

Nilimweleza kwamba ulimi huitambua chumvi, lakini uchafu wa aina hii hauna ladha. Nyuma ya ukuta wa ua wake palikuwa na choo cha shimo cha jirani, hatua chache tu kutoka kisimani, na mvua kubwa ilikuwa imeinua maji ya ardhini hadi yakakutana na yaliyomo shimoni. Klorini ingeua vijidudu vya siku ile, lakini shimo lingeendelea kukilisha kisima.

Bibi alikitazama kisahani kwa muda mrefu. Kisha akamwita mjukuu wake, akamwagiza apite kila nyumba awaambie watu wayachemshe yale waliyokwisha kuyateka, na kuanzia siku ile ya kwake yawe ya kufulia tu. Mwenyewe akajitanda buibui, akaniambia nichukue kisahani tuende kwa jirani tukazungumzie kuhamishwa kwa choo.