Siku ya kufungua riwaya mpya

Saa 1:00 asubuhi. Nimewahi darasani na gundi mkononi. Nabandika karatasi juu ya maelezo ya nyuma ya jalada, nakala baada ya nakala. Maelezo yale yanamaliza utamu wote.

Saa 2:00. Sarufi. Imepita.

Saa 3:20. Jalada: mlango uliofungwa, chini yake viatu vya mtoto. "Mnaona nini?" Mtoto ameibwa! Mtoto amekufa! Nawarudisha nyuma: nimeuliza mnaona nini, sijauliza mnafikiri nini. Kimya. Kisha sauti moja: "Viatu vina tope." Hapo sasa. Tope linatuambia alikuwa nje, tena si zamani.

Saa 3:40. Nasoma sentensi ya kwanza, halafu nafunga kitabu: *Mama alizima taa kabla ya hodi ya pili.*

"Ni usiku," anasema mmoja. Taa imemwambia.

"Hodi ya kwanza aliisikia," anadakia msichana wa dawati la nyuma, ambaye huwa hasemi. "Ila hakusema karibu."

"Ni mwizi!"

"Mwizi hapigi hodi," anajibiwa, na darasa zima linacheka.

Kila mtu anaandika ubashiri wake kwenye kikaratasi, pamoja na neno la kitabuni lililompeleka huko. Bila neno hilo, huko ni kubahatisha tu. Vyote vinaingia kwenye bahasha, tutaifungua tukifika sura ya tano.

Saa 4:30, mapumziko. Mvulana ananinong'oneza: "Mwalimu, mimi nimeshakimaliza. Najua nani yuko mlangoni." Kila mwaka hakosekani mmoja. Nampa kazi ngumu kuliko ya wenzake: atafute sura ya kwanza ni wapi mwandishi alipotudokeza, na asimwambie mtu.

Saa 8:15. Nachungulia bahasha. Kuna aliyeandika "ni baba" bila sababu yoyote, na amepatia. Nampa nusu alama. Aliyeandika "ni mtu anayewadai" amekosea, lakini ametaja taa na ule ukimya, nampa zote. Kesho nitalalamikiwa, najua.

Saa 9:40. Kikaratasi cha mwisho, mwandiko wa yule msichana wa nyuma: "Mama amekosea. Aliye nje ameona taa ikizimika. Sasa anajua wamo ndani."

Riwaya hii nimeifundisha mara nne. Hilo sikuwahi kuliona.