Kengele ya mbuzi mlangoni kwa mjomba

Jumatano usiku, saa tisa kasoro, mbwa Mchanga alipiga kengele. Nilikuwa nimelala ukumbini kwa mjomba, eneo la Barani, hapa Malindi. Mjomba alikuwa ameanza kuguna chumbani. Kengele ikalia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena. Nikasikia kitanda kinalia, mlango ukafunguka. "Ni wewe?" mjomba akamwuliza mbwa. Akaketi kizingitini hadi adhana ya alfajiri.

Nimeungoja usiku huo miezi minane.

Mjomba alikuwa mwanajeshi. Jeshi letu lilipovuka mpaka kuingia Somalia, Oktoba 2011, alikuwamo. Alirudi na viungo vyake vyote, ila usiku hupigana na shuka. Mara moja mkaza mjomba alimtikisa bega ili amwamshe, akapigwa ngumi ya shavu. Mjomba alilia mchana kutwa. Tangu hapo hakuna anayethubutu kumgusa akiwa usingizini.

Nami najitolea kwenye kituo cha mbwa waliookotwa. Nilisoma kwamba Marekani mwaka 2021 walipitisha sheria ya kuwaingiza wanajeshi wastaafu wenye kiwewe katika kazi ya kufundisha mbwa, iwe sehemu ya tiba yao. Kule mbwa hufundishwa kumwamsha mtu anayeota vibaya, hata kumlalia kifuani atulie.

Kumlalia kifuani, nyumbani kwetu, haiwezekani. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Sikutaka mjomba apate usingizi apoteze utulivu wa sala yake. Kwa hiyo Mchanga hulala barazani, nje ya mlango wa chumba, na kazi yake ni kuamsha bila kugusa.

Kumpata yeye kulichukua muda. Nilikuwa naangusha mfuniko wa sufuria sakafuni, natazama mbwa atafanya nini. Kushtuka si kosa. Namtaka anayerudi. Wanne kabla yake walijificha, na mmoja alitetemeka hadi jioni, nikajuta kumjaribu. Mchanga, aliyeokotwa pwani wavuvi wanapopara samaki, waya umemkata mguu wa nyuma, aliruka kando, akasimama, kisha akaja kuunusa mfuniko.

Nilirekodi miguno ya mjomba kwa simu, kwa ridhaa yake. Nikaicheza kwa sauti ya chini sana. Mchanga akigusa kwa mguu kopo la kumwamshia mjomba, anapata kipande cha ng'onda, samaki mkavu. Kidogo kidogo nikapandisha sauti. Sikumpiga hata siku moja. Mbwa aliyepigwa hungoja ruhusa, na usiku hakuna wa kumpa.

Kopo ndilo lililonikosesha. Usiku wa kwanza lililia kwa kishindo, mjomba akajitupa chini ya kitanda, tukamtoa baada ya nusu saa. Hilo lilikuwa kosa langu. Nilifikiria masikio ya mbwa nikasahau ya mjomba. Nikatafuta kengele ndogo ya mbuzi, yenye mlio mwembamba, nikaanza upya.

Jana nilipopita kumsalimu, "Shikamoo mjomba," aliitikia, kisha akaniuliza chanjo ya Mchanga ya kichaa cha mbwa inarudiwa lini. Nikamtajia. Akachukua chaki, akaiandika tarehe ukutani, juu ya ile kengele.