Kumsoma Flaubert kwa sauti

Jioni hizi najifungia chumbani nikirekodi sura ya nane ya sehemu ya pili ya Madame Bovary, riwaya ya Mfaransa Gustave Flaubert, ile ya maonyesho ya kilimo, ambayo wenzangu waliipita kwa sababu ni ndefu na ina wasemaji wengi. Feni lazima izimwe, kwa maana maikrofoni hunasa kila kitu, na pikipiki inapopita nje husubiri iishe kisha nikaianza sentensi upya.

Tunasomea LibriVox, mradi ulioanzishwa na Hugh McGuire huko Montréal mwaka 2005, ambapo mtu yeyote hujichagulia sura ya kitabu kilichokwisha hakimiliki, akaisoma, na rekodi yake ikawa mali ya umma. Flaubert alifariki mwaka 1880, hivyo hakuna wa kuombwa ruhusa. Kabla faili halijapokelewa, mwenzetu mwingine hulisikiliza lote ili akamate neno lililorukwa au sentensi iliyosomwa mara mbili. Lafudhi ya msomaji haimhusu. Kifaransa changu ni cha shule za Bujumbura, cha aliyechukua sura ya tisa ni cha Québec, na kila kimoja kinakubaliwa kama kilivyo.

Wapo wasiovumilia vitabu vya namna hii kwa kuwa msomaji hubadilika kila baada ya sura chache. Kwa riwaya nyingine huenda ningewaunga mkono, lakini si kwa hii. Flaubert aliiandika kati ya mwaka 1851 na 1856 nyumbani kwake Croisset, karibu na Rouen, akizisoma sentensi zake kwa kelele ndani ya chumba chake cha kazi, na iliyokwama kinywani aliivunja akaiunda tena. Zaidi ya hayo, alitaka mwandishi asionekane mahali popote kitabuni, na ndiyo maana sioni kwa nini sauti moja ijifanye mwenyewe wa hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Katika sura yangu, Rodolphe ameketi dirishani na Emma Bovary, mhusika mkuu wa riwaya ambaye ni mke wa mwingine, ghorofani kwenye jengo la halmashauri, anamtongoza, huku chini uwanjani zawadi za wakulima zikitangazwa. Anamwambia kwamba mara mia alitaka kuondoka lakini akamfuata na kubaki, na papo hapo mwenyekiti anapaza sauti: samadi! Nilijaribu kumpa kila mmoja sauti yake, ikawa kama mchezo wa redio, nikaacha. Sasa namwachia mwenyekiti aseme kwa haraka kidogo tu, na kichekesho kinajitokeza bila msaada wangu. Kisha anaitwa kikongwe Catherine Leroux, aliyetumika miaka 54 katika shamba moja, ili apewe medali ya fedha ya faranga 25. Hapo hakuna cha kuchekesha, na msomaji anayeendelea na mwendo uleule wa mzaha anamdhulumu mama huyo kwa mara ya pili.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, umemwangukia mwenzangu wa Québec. Emma amerudi kutoka msituni na Rodolphe, anajitazama kwenye kioo, na maneno ya furaha yake yanamiminika bila kuelezwa kama ni yake au ya msimulizi. Anayesoma kimya anaweza kuliacha swali hilo bila jibu, lakini anayesoma kwa sauti analazimika kuamua. Flaubert alishtakiwa kwamba riwaya hii inakiuka maadili, na kesi iliposikilizwa Januari 1857, mwendesha mashtaka Ernest Pinard alilalamika kwamba hakuna mtu hata mmoja kitabuni anayeweza kumhukumu mwanamke huyo. Februari 7 mahakama ikamwachia huru mwandishi. Mwenzangu ameisoma sehemu hiyo kwa uchangamfu mtupu, bila chembe ya kejeli. Mimi ningetia ubaridi kidogo, ila nimeisikiliza mara nyingine na naanza kuamini kwamba yeye ndiye aliyepatia, kwa sababu ubaridi wangu ungekuwa hukumu ileile aliyoitaka Pinard.

Sura ya mwisho ya kitabu bado haijachukuliwa. Inamalizika kwa habari fupi kwamba Homais, yule mfamasia mwenye maneno mengi, amepata nishani. Nimeiomba, na nikipewa nitaisoma habari hiyo kavukavu, kama mtu anayesoma tangazo la serikali.