Siku benki yangu ilipofungwa
Zamani nilikuwa mkali kwenye mada ya serikali kuokoa kampuni zinazofilisika: benki ikifilisika, ife! Kodi yangu haina kazi ya kufuta makosa ya matajiri. Halafu benki niliyoweka akiba ikafungwa ghafla. Nikasimama mlangoni na wenzangu, tunasoma tangazo, hakuna anayesema neno. Mzee mmoja alikuwa na pesa yake ya pensheni humo. Yeye alimkopesha nani vibaya?

Siku ile nilielewa kwa nini mwaka 2008, benki kubwa ya uwekezaji ya Lehman Brothers ilipoachwa ianguke, Marekani iliingiwa na hofu na Bunge lake likaidhinisha dola bilioni 700 za kuokoa benki.

Lakini hasira sijaimaliza. AIG, kampuni kubwa ya bima ya Marekani, iliokolewa kwa fedha za umma, na Machi 2009 ikagawa bonasi za dola milioni 165 hivi, tena kwa kitengo kilekile kilichoizamisha! (Hapo ndipo huwa nazima simu.)

Kwa hiyo siku hizi nasema: okoeni wenye akiba, wenye hisa wapate hasara yao, na mabosi waondoke mikono mitupu. Na viwanda je, navyo viokolewe? Hapo bado nasitasita.