Kumbukumbu ya mradi: Sili ya krankshafti ya pampu yangu ya maji

14 Juni. Pampu yangu ya kumwagilia, ya inchi 2, imekuwa ikiacha doa jeusi kwenye ubao ninaoiwekea kando ya Mto Ngerengere, na kwa kuwa doa lenyewe lilikuwa dogo, nilijiridhisha kwa wiki kadhaa kwamba ni oili niliyoimwaga mwenyewe wakati wa kujaza. Jana, baada ya kumwagilia nyanya kutwa nzima, kijiti cha kupimia oili kilitoka kikavu. Injini hii ya nguvu za farasi 5.5 ina vipimo vilevile vya Honda GX160, yaani ujazo wa sentimita za ujazo 163 na tumbo linalobeba takriban lita 0.6 za oili, kwa hiyo ukipoteza kikombe kimoja cha chai umekwisha kupoteza theluthi ya oili yote.

15 Juni. Nimeiosha injini kwa petroli na brashi, nikaiacha ikauka, kisha nikaipaka poda ya mtoto kuanzia chini ya silinda hadi pale pampu inapokutana na injini. Baada ya kuiwasha kwa dakika 10, poda ilikuwa bado nyeupe kwenye gasketi ya kifuniko na kwenye bolti ya kumwagia oili, lakini mstari wa kahawia ulikuwa umeshuka kutoka kwenye uwazi ulio nyuma ya pampu. Inayovuja ni sili ya upande wa kazi, yaani pete inayoizuia oili pale krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) inapotoka nje ya injini kuiendesha pampu.

16 Juni. Kufungua pampu kumenichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote. Impela, yaani gurudumu lenye mabawa linalosukuma maji, imefungwa kwa nyuzi moja kwa moja kwenye ncha ya krankshafti, na kila injini inapofanya kazi huzidi kuikaza. Nilitoa plagi, nikaingiza kamba laini ndani ya silinda wakati vali zote zimefungwa ili pistoni ikwame nayo bila kuumia, kisha nikaweka kipande cha mti mgumu kwenye ubawa wa impela na kukigonga kwa nyundo kinyume cha mwendo wa saa. Pigo la sita liliachia. Anayegonga ubawa moja kwa moja kwa chuma ajiandae kununua impela nyingine.

Nyuma yake nilikuta sili ya maji, ile inayoyazuia maji ya pampu yasipite kando ya shafti, imepasuka uso wa kaboni, jambo ambalo hutokea mtu anapoiwasha pampu bila kuijaza maji kwanza, na nakiri kwamba nimefanya hivyo zaidi ya mara moja. Maji yenye mchanga wa mto yalikuwa yakirushwa kwenye shafti na kufika kwenye mdomo wa sili ya oili. Oili iliyobaki tumboni ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, ishara kwamba maji nayo yalikuwa yakiingia.

18 Juni. Sili ya zamani imeandikwa 25 × 41.25 × 6, yaani kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje na unene kwa milimita. Katika duka la kwanza la vipuri nilipewa ya 25 × 42 × 6 na kuhakikishiwa kwamba itaingia tu. Robo tatu ya milimita inaonekana kama ubishi wa bure mpaka ujaribu kuisukuma ikapinda, ndiyo maana niliirudisha na kutafuta kipimo chenyewe. Nimenunua mbili, pamoja na sili mpya ya maji.

21 Juni. Nimefunga sili mpya katika kina kilekile cha ile ya zamani. Baada ya saa nne za kazi mstari wa kahawia umerudi.

22 Juni. Fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu alikuja kuitazama, akasema, "Kijana wangu, unaigombeza sili bure. Pitisha ukucha kwenye shafti, halafu uupulize huo mrija." Nilifungua tena. Ukucha ulikwama kwenye mfereji mwembamba uliozunguka shafti pale mdomo wa sili ulipokaa miaka yote, na mdomo mpya nilikuwa nimeuweka katikati ya mfereji huohuo. Mrija wa kupumulia wa injini nao, ambao aliyeimiliki kabla yangu aliuacha ukining'inia baada ya kubadili chujio la hewa, ulikuwa umezibwa kwa udongo na nyigu. Hewa inayopenya kando ya pistoni ilikuwa haina pa kutokea, ikawa inaisukuma oili kwenye sehemu dhaifu, ambayo ni sili.

23 Juni. Kabla ya kufunga tena niliishika shafti na kuitikisa juu na chini, kwa sababu beringi iliyolegea huila sili yoyote; shafti haikucheza. Nililainisha kingo za mfereji kwa msasa laini uliolowa oili, nikiuzungusha kuifuata duara ya shafti, kwani mikwaruzo ya mshazari huweza kuivuta oili kuileta nje. Nyuzi za shafti nilizifunika kwa utepe wa umeme ili zisiukate mdomo wa sili, nikaupaka mdomo oili, kisha nikaigonga sili taratibu kwa kipande cha bomba la plastiki chenye kipenyo cha nje cha milimita 40. Safari hii niliiacha nje kwa milimita 1.5 kuliko ile ya kwanza, ili mdomo ukae kwenye chuma ambacho hakijaliwa, na nikapima kwa kalipa sehemu nne kuhakikisha haikukaa upande. Mrija nimeusafisha kwa waya na kuurudisha kwenye chujio la hewa.

29 Juni. Niliiendesha kwanza nusu saa bila impela, nikamwaga oili hiyo ili itoke na mabaki ya maji, nikajaza nyingine yenye unene wa 10W-30. Tangu hapo imefanya kazi saa 11, nami huijaza pampu maji kabla ya kuvuta kamba. Poda iliyo chini ya uwazi imelowa maji mara moja niliporusha ndoo vibaya, lakini haina kahawia, na oili iko kwenye alama ileile ya juu.