Siku Moja Maishani Mwangu: Dere wa Basi la Shule

Saa kumi alfajiri niko chini ya basi, tochi mdomoni. Maji, oili, upepo, breki. Breki nazikagua mara mbili, maana jioni nitateremka mteremko wa Sachangwan nikiwa na watoto 42 wa Nakuru.

Saa kumi na moja tunatoka kwenda makumbusho ya Kapenguria. Basi la shule haliruhusiwi barabarani kabla ya hapo, wala baada ya saa nne usiku. Watu hudhani dere wa shule hushika usukani kisha hulala chini ya mti. Mimi ile saa nne naibeba kichwani kutwa.

Mau Summit, Timboroa na baridi yake, Burnt Forest. Wawili wametapika, nimepangusa. Saa mbili na nusu tuko Eldoret.

Hapo mwalimu mwenye safari akasema, "Dere, dakika kumi tu, ninywe chai." Dakika kumi zikawa saa moja na dakika arobaini. Nilimfuata hotelini mara tatu. Mara ya kwanza kuku alikuwa bado anakaangwa. Mara ya pili chai ilikuwa moto. Jua limeshapanda, watoto wanatoka jasho, nimefungua madirisha yote, nimewahesabu, nimewahesabu tena. Mara ya tatu akaniuliza, "Kwani dere, una haraka ya kwenda wapi?" Nikamjibu kwa heshima, "Mwalimu, nina haraka ya kurudi."

Tukaingia Kapenguria saa saba kasorobo. Mwalimu akataka wapige picha nusu saa tugeuze. Nikakataa. Hesabu ya barabara ni yangu, na nilikuwa nimeshaipiga: tunaondoka saa nane na nusu. Watoto hawakusafiri tangu usiku kuja kuona geti.

Makumbusho yale ni gereza la zamani. Wakoloni waliwafungia hapo Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Tarehe 8 Aprili 1953 wakahukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Mwelekezi alipofika kwa Rawson Macharia, shahidi wa kesi hiyo aliyekuja kukiri mwaka 1958 kwamba alisema uongo, msichana mmoja aliacha kuandika akainua uso. "Na waliachiliwa siku hiyo?" Hawakuachiliwa.

Kijana mmoja mrefu, msumbufu tangu Salgaa, aliingia seli peke yake. Akaushika mlango, akauvuta taratibu, akasimama kimya. Nikamwambia Oneko alichaguliwa mbunge wa Nakuru mjini mwaka 1963. "Nakuru yetu?" Yetu. Na rufaa yake ilikubaliwa, lakini wakamshikilia kizuizini hadi 1961. Akarudi kuiangalia picha ya Oneko ukutani, safari hii kwa muda.

Baada ya Kitale sikuangalia tena saa. Mvua, halafu ukungu wa Timboroa, malori yamefuatana kama siafu. Mabega yanauma, macho yanawasha, nyuma wote wamelala. Sachangwan nilishuka kwa gia ya chini, breki za malori zikinuka hadi ndani ya basi. Sikumruhusu yeyote anisukume kwa honi.

Saa tatu na nusu, getini. Nikahesabu: 42. Mwalimu alishuka bila kuaga.

Nikachukua ndoo na fagio. Kesho saa kumi na mbili basi linapeleka wazazi mazishini Molo, na harufu ya matapishi bado iko kwenye kiti cha nyuma.